Anza na Sanda: Nilivyoupanga Ustaafu Wangu Kuanzia Mwisho

Semina ya wastaafu watarajiwa niliyohudhuria mwaka 2021 ilikuwa ya siku mbili, na zote mbili zilikuwa za kuku. Kuku wa mayai, kuku wa nyama, chotara. Banda la ukubwa gani, chanjo siku ya ngapi. Baada ya chai ya saa nne akaja kijana mwenye projekta akatuonyesha matikiti. Ekari yake moja, pale ukutani, ilizaa faida ambayo kwa hesabu niliyopiga pembeni mwa daftari ingetutajirisha sote kabla ya masika ya pili. Tulikuwa walimu, manesi na watendaji wa kata, kila mmoja amebakiza mwaka au chini ya hapo. Hakuna aliyetaja kufa.

Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi. "Na mirathi tutafundishwa lini?"

Ukumbi ukaguna. Mwezeshaji, kijana wa rika la mwanangu wa mwisho, akatabasamu: "Mama, leo tuongelee maisha."

Nikanyamaza. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona ustaafu mmoja ndani ya nyumba yangu, na haukuharibiwa na kukosa kuku.

Marehemu mume wangu, ambaye kwa miaka yote nilimwita Baba Watoto, alikuwa bwana shamba. Alistaafu mwaka 2016, wakati ule mkupuo, ile pesa unayopewa kwa mara moja unapostaafu, ulikuwa bado nusu ya mafao. Mpwa wake akamshawishi anunue Hiace ifanye njia ya Muheza–Tanga. Miezi minne ilileta hesabu kila jioni. Wa tano ikaanza kuleta vipuri. Mwaka 2018, asubuhi ya saa tatu, alianguka katikati ya michungwa yake, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tunahangaika kutafuta kitambaa cheupe. Maiti iko ndani, watu wamejaa uani, na shemeji yangu yuko juu ya pikipiki anazunguka mji kutafuta duka lenye sanda.

Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi. Nje, mwanangu mkubwa na ami zake walikuwa wanazunguka na makaratasi. Jina la marehemu kwenye cheti cha shule lilikuwa mawili, kwenye kitambulisho cha taifa matatu, na benki walikuwa wameruka herufi moja. Deni la injini lilijitokeza siku ya tatu ya msiba, mdomoni mwa fundi, mbele ya wazee. Mirathi ikamalizika mwezi wa kumi na moja tangu afariki.

Kwa hiyo ilipofika zamu yangu, Julai 2022, miaka 60 kamili, 38 nikiwa na chaki mkononi, niligeuza daftari nikaanza kuandika kutoka nyuma. Haya ndiyo niliyoyafanya, kwa mpangilio nilioufanya. Mimi ni Mwislamu wa Muheza na mambo yangu mengi ni ya Kiislamu. Wewe wa dini nyingine utaweka ya kwenu mahali pale pale.

Nguo ya mwisho ndiyo ya kwanza

Juma la kwanza baada ya kukabidhi ofisi nilikwenda kununua sanda yangu. Bafta nyeupe ya pamba, si ya nailoni. Kafani ya mwanamke ni vipande vitano: shuka ya chini, kanzu, ushungi, na mbili za kufunikia mwili mzima. Usikisie mita, mchukue muosha maiti wa mtaani kwenu mwende naye, atakupima kwa macho tu, na utastaajabu jinsi asivyokosea. Pamoja na kitambaa nilinunua pamba, kafuri, sabuni na chupa ya marashi. Vyote nikavifunga kwenye foronya, nikaviweka ndani ya tranka ya bati niliyokwenda nayo chuo cha ualimu, na konzi ya karafuu juu yake kwa ajili ya wadudu. Foronya fungua mara mbili kwa mwaka uianike. Kitambaa kikikaa kimefungwa kinabadilika rangi.

Muuza duka alinijua. "Mwalimu, nani kafiwa?"

"Hajafa bado."

Akaacha kukata. "Unajiita, mwalimu."

Nikamwambia mwavuli wangu niliununua kiangazi na mvua haikukasirika. Akakata, lakini hakunitazama tena mpaka ananirudishia chenji.

Mjukuu wangu wa miaka sita aliiona siku ninayoianika. "Bibi, hili shuka la nani?" Langu. "Mbona hulitandiki?" Nikamwambia ni la safari. Akaridhika, akauliza kama safarini kuna maandazi.

Shoga yangu mmoja wa Magila, Mwanglikana, tuliyefundisha naye miaka tisa, alicheka sana nilipomsimulia. Mwezi uliofuata akaniletea karatasi nimtunzie: gauni lipi, nyimbo zipi, na picha ya kuweka juu ya jeneza. Picha hasa ndiyo iliyokuwa inamkera, maana alishaona wenzake wanaagwa kwa picha ya kitambulisho, wamekodoa macho kama washtakiwa. Naye akaniachia picha yake ya harusi ya bintiye, anacheka, jino la pembeni linaonekana.

Karatasi, na herufi iliyoruka

Hapa ndipo nitakaa muda mrefu, maana hapa ndipo watu wanapolia.

Miaka miwili kabla ya tarehe yako, nenda masijala ukalione faili lako. Usitume mtu. Unachokitafuta ni barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, na barua za kupandishwa daraja. Wengi tunayo ya kwanza, maana tuliionyesha wazazi, na tunayo ya mwisho. Ya kuthibitishwa kazini ndiyo haipo. Yangu ilikuwa ya mwaka 1985, imechapwa kwa taipureta, na nilikuwa sijaiona tangu nchi ina duka moja la ushirika kwa kata nzima. Nilikaa masijala siku mbili. Aliyeipata ni binti niliyemfundisha darasa la tano, ambaye zamani nilimwadhibu kwa kupanga vitabu ovyo. Tulicheka wote wawili, yeye zaidi.

Halafu panga mezani kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, hati ya mshahara na kitabu cha benki, usome jina lako herufi kwa herufi kama unavyosahihisha imla. Mwanahamisi na Mwanahamis ni mtu mmoja kwa mama yake. Kwa kompyuta ni wawili. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu, na kiapo unachokula ukiwa hai ni cha nusu saa. Ukifa, wanao watakula viapo vingi.

Fedha ya nauli na mizigo unayolipwa unapostaafu, ihesabu kama mvua ya Januari huku kwetu: ikija, alhamdulillahi. Usiikopee. Ofisi iliyokuwa inilipe ilinizungusha mpaka viatu vikaomba radhi.

Zikishakuwa sawa, andika ukurasa mmoja tu wa watoto wako. Mmoja! Wangu una akaunti zangu mbili na matawi yake, laini za simu zenye pesa, bila namba za siri, namba yangu ya mfuko wa pensheni, vipande vyangu vya UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na ardhi. Kwenye ardhi uwe mkweli. Nyumba yangu ina hati. Shamba la machungwa lina hatimiliki ya kimila, ile inayotolewa na kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kiwanja cha tatu nina karatasi ya mauziano tu yenye muhuri wa mwenyekiti na sahihi za mashahidi, mmoja wao kashafariki, na nimeandika hivyo hivyo: "hiki kina mgogoro wa mpaka upande wa mkorosho."

Wosia. Watu huufanya mzito kuliko ulivyo. Kwa sheria za kimila za Tanzania, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unataka mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma anahitaji wanne. Unaweka tarehe, unasaini mbele yao nao wanasaini mbele yako. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandika wosia na kuuhifadhi, nao unakaa kwao wewe ukiwa hai bila kuonyeshwa mtu. Sisi Waislamu mafungu yetu yameshagawanywa. Wasia wetu hauzidi theluthi ya mali, na theluthi hiyo haiendi kwa mrithi. Mimi theluthi yangu sikuimaliza. Nimetoa sehemu ndogo kwa madrasa, na mashine yangu ya kushonea nimempa msichana aliyenitunzia nyumba miaka kumi na miwili, ambaye kwa mafungu asingepata hata sindano.

Taja pia nani unapendekeza awe msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kitakaa, muhtasari utaandikwa, utapelekwa na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo, na pale ndipo jina lako ulilopendekeza linapookoa ndugu wasichukiane. Mchague anayeweza hesabu, si anayelia sana. Msimamizi ana miezi minne ya kukusanya, kulipa madeni, kugawa na kurudisha kwa hakimu fomu namba tano ya orodha ya mali na namba sita ya hesabu. Mwanangu mkubwa ana roho nzuri, lakini hesabu za sehemu zilimshinda tangu darasa la nne, na aliyekuwa anamfundisha ni mimi. Nimempendekeza dada yake. Nimemwambia uso kwa uso ili asije akaisikia kwa hakimu. Alinuna siku tatu.

Daftari la madeni

Kwenye mazishi yetu, kabla ya kwenda kuswalia, mtu wa familia husimama akatangaza: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu ajijue. Siku ile ya Baba Watoto nilikuwa ndani na wanawake nikamsikia fundi anakohoa kwanza ndipo aseme. Kile kikohozi ninakisikia mpaka leo.

Ninalo daftari dogo la mistari. Upande wa kulia ninaowadai, wa kushoto wanaonidai, tarehe na kiasi. Likifutwa deni, linapigwa mstari na kusainiwa. Ninaandika mpaka kilo mbili za unga za jirani. Wanaonidai sasa hivi ni watatu. Ninaowadai ni kumi na mmoja, na kwa saba kati yao nimeandika pembeni "nimesamehe", ili mwanangu asije akamfuata mjane wa watu kwa elfu ishirini.

Lipo na deni jingine ambalo haliko kwenye shilingi. Nilizaa watoto wanne, na Ramadhani za uzazi na za kunyonyesha sikuzilipa zote. Nilikuwa nasema nitalipa nikipumzika. Basi nimepumzika. Nilikaa na kalamu nikakadiria, nikapata siku 94. Ninafunga Jumatatu na Alhamisi, isipokuwa presha ikipanda. Leo ninapoandika zimebaki 31.

Pesa, kwa ufupi

Nilistaafu mwezi ule ule kikokotoo kipya, kanuni ya kukokotoa mafao, kilipoanza: asilimia 33 mkononi kwa mkupuo, iliyobaki inakuja kila mwezi. Mwaka 2024 bajeti ikapandisha mkupuo mpaka asilimia 40 kwa kundi letu. Walimu wenzangu wataninunia kwa ninalolisema, lakini nalisema: Baba Watoto alishika nusu na ikaishia gereji. Mimi nilishika theluthi, na ile iliyobaki, ambayo hakuna mpwa anayeweza kuifikia, ndiyo inayoninunulia sukari kila mwezi. Anayeomba mkupuo mkubwa aniambie kwanza ana wapwa wangapi.

Miezi sita ya mwanzo usinunue kitu chenye tairi wala chenye mabawa. Pesa ikae. Watakuja, na watakuja na shikamoo ndefu kuliko kawaida. Jibu langu lilikuwa moja, nililikariri mbele ya kioo: "Iko kwenye vipande, siwezi kuitoa." Kweli ilikuwa nusu. Ingeweza kutoka, mimi ndiye nisingeweza. Baada ya miezi sita nilitengeneza paa, nikachimba kisima kifupi, nikasafisha shamba. Deni la benki nililimaliza kabla ya kustaafu, kwa kubana miaka mitatu ya mwisho. Usivuke tarehe yako na makato shingoni, na usiguse kabisa mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kunyonya, hata kwa harusi ya mtoto.

Na kila mwaka mfuko unataka uhakikiwe kuwa bado u hai. Wapo wanaoliona jambo hilo ni usumbufu. Mimi ninalipenda. Ni wapi pengine duniani mtu anakuuliza rasmi kama bado unapumua, ukithibitisha anakulipa?

Kengele

Nyumba yangu iko umbali wa kurusha jiwe mara tatu kutoka shuleni. Kengele yetu ni kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mwembe. Julai ile, Jumatatu ya kwanza, nilikuwa nimeamka saa kumi na moja alfajiri, nimeoga, nimevaa, nimekaa kwenye kiti cha sebuleni na mkoba mapajani. Kengele ikalia. Mikono yangu ikatafuta chaki.

Hilo hakuna semina inayolifundisha. Mwezi uliofuata, Agosti 2022, karani wa sensa alikuja, akauliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23. Nikajibu. Akauliza kazi yangu. Nikasema mwalimu. Akaandika. Kisha nikamwambia afute. Akafuta, akasubiri na kishikwambi chake, na mimi sikuwa na neno la kuweka. "Niandike mstaafu?" akauliza kwa upole. Nilimpa maji ya kunywa ili aache kunitazama kidogo.

Ninachokushauri ni hiki: usikae karibu na kengele miezi mitatu ya kwanza. Nenda kwa dada yako, nenda kwa binti yako, nenda popote penye saa tofauti. Mimi nilikwenda Pangani kwa mama mdogo, nikakaa wiki tano nikimenya nazi na kusikiliza bahari. Niliporudi, kengele ilikuwa kengele ya watoto wa watu.

Usiende shuleni kusaidia mwaka wa kwanza. Wataalikwa wageni, utaitwa mezani, utapigiwa makofi, kisha utasimama mlangoni pa darasa lako na mwalimu mpya atakuwa amehamisha ubao. Mwaka wa pili nenda, ukiitwa.

Mimi ni mwalimu wa hisabati kwa hiyo nilifanya hesabu. Mama yangu aliondoka na miaka 78. Nikijaliwa kama yeye, nina miaka 18 tangu siku ya kustaafu. Miaka ni neno pana, halishikiki. Nikageuza kuwa masika. Masika 18 nayahesabu kwa vidole vya mikono na miguu na vinabaki viwili. Tangu hapo sijawahi kukubali kikao cha jioni kisicho na ajenda.

Goti na choo

Nitapita haraka. Pima presha na sukari kabla kadi ya bima ya afya ya kazini haijabadilishwa kuwa ya mstaafu, na ukumbuke kadi ya mstaafu ni wewe na mwenza wako, watoto wajipange. Mtoto wa jicho asikutishe, kapasuliwe mapema. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nilimwita fundi akanifungia bomba la chuma ukutani, usawa wa kiuno, nishike ninapoinuka. Kazi ya saa mbili. Kwa watu wa umri wangu hilo bomba lina faida kuliko matikiti. Bafuni weka taa, sakafu iwe ya kukwaruza.

Kujifunza kuosha

Nilipokuwa kazini misiba nilihudhuria kwa saa moja na rambirambi, nikakimbilia kipindi cha nne. Chama chetu cha kufa na kuzikana mtaani nilikuwa mwanachama wa pesa tu. Mtu wa namna hiyo akifiwa, watu huja kwa saa moja na rambirambi.

Sisi wanawake hatuendi makaburini. Msiba wetu ni jikoni na chumbani. Jikoni walikuwepo wengi. Chumbani, kwa kuosha, walikuwa wamebaki bibi watatu, na mdogo wao ana miaka 71. Nikaomba wanifundishe.

Wa kwanza alikuwa bibi wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilishika birika tu. Unaanza kwa kumsitiri, usimwache wazi hata kidogo. Unamsafisha, unamtia udhu, unaanza upande wa kulia. Maji yenye majani ya mkunazi. Mara tatu, au tano, hesabu iwe witri, na ya mwisho ina kafuri. Nywele zinasukwa mikia mitatu. Unasema naye kwa upole, "tunakugeuza, bibi," kama anayesikia. Unachokiona mle ndani hakitoki mle ndani, kwa hiyo sitasema zaidi, ila hili moja ambalo ni la kwetu sote: kisigino. Visigino vya yule bibi vilikuwa vimepasuka kama udongo wa kiangazi, miaka themanini ya kwenda na kurudi kisimani, na tulivisugua polepole kwa muda mrefu, nadhani kuliko alivyowahi kusuguliwa na mtu akiwa hai.

Nilirudi nyumbani nikachemsha maji, nikatia miguu yangu kwenye beseni, nikaipaka mafuta ya nazi. Ninafanya hivyo kila Ijumaa. Sijui kama ni woga au ni adabu.

Sasa nimeosha kumi na wanane. Ukitaka kupunguza hofu ya kufa, sikuambii uoshe watu, si kila mtu ana moyo huo. Lakini tafuta kazi moja ya msiba uifanye kwa mikono: kuchota maji, kuandika daftari la michango, kumshika mfiwa mgongo. Ukikaa kwenye kiti cha plastiki tu, mawazo yanakutafuna.

Watoto na simu zao

Binti yangu wa Dar es Salaam alinipigia mwezi wa pili. "Mama, si sasa huna kazi? Njoo ukae na mtoto, dada wa kazi kaondoka."

Ninampenda, na mtoto ninampenda zaidi. Lakini nilishaona bibi waliokwenda kwa wiki mbili wakarudi baada ya miaka minne, nyumba zao zimeota mchwa. Nikamwambia, "Mwanangu, nakuja miezi miwili, kuanzia tarehe moja, na nauli ya kurudi unipe siku ya kufika." Akaona namkomoa. Nauli ile niliitia kwenye foronya ya nguo zangu na nikaitumia siku ileile niliyosema. Mwaka uliofuata alinipigia mwenyewe akitaja tarehe za kuanza na kumaliza.

Wa mwisho yeye hataki kusikia habari ya tranka. Nikitaja ukurasa wangu mmoja anasema "Mama, achana na hayo." Sikumlazimisha. Nilimtuma aniletee miwani iliyo ndani ya tranka, nikiwa nimeipachika juu ya bahasha makusudi. Alikaa kule ndani robo saa. Alirudi na miwani, macho mekundu, akaniuliza kama kiwanja cha mkorosho kesi yake iko wapi.

Miche

Masika ya kwanza ya ustaafu, mwaka 2023, nilipanda michungwa arobaini pale alipoangukia Baba Watoto. Miche ya kubebesha, chungwa juu ya shina la limau, kama alivyonifundisha mwenyewe: kidonda cha kubebeshea kikae juu ya udongo, usikizike. Saba ilikufa. Masika ya mwaka 2025 nilimwita fundi wa miche, kijana niliyemfundisha kugawanya kwa njia ndefu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Saba ngapi?"

Akanitajia bei. Nikamwuliza itazaa lini. Akaushika mche mmoja, akauzungusha, akahesabu kimya kimya, midomo inacheza kama zamani. "Mwaka 2029, mwalimu. Ukiitunza."

Nitakuwa na 67. Nikamlipa nusu. Nusu nyingine tumekubaliana ataichukua miche ikishika, na nimemwandika kwenye daftari upande wa kushoto, mstari wa nne.